Kijani na Nyekundu juu ya Paa la Kapolowe

Lori lilikuwa limeshaacha njia ya Kakontwe nyuma, vumbi jeupe la chokaa limetukaa kwenye kope, na hakuna mtu aliyemsemesha Hénoc tangu tulipotoka Kikula. Alikaa nyuma kabisa, juu ya mabati yaliyofungwa kamba, miguu inaning'inia nje kama mzigo ambao mwenyewe ataudai njiani. Mimi nilikaa mgongo kwenye kabini, na katikati ya magoti yangu kulikuwa na sanduku la mashini nyekundu, nne, mpya, na batri zake nane. Kila mtu kwenye lori lile alijua kwamba mashini zile zilikuwa pale kwa neno langu. Mimi ndiye niliyesema Nyekundu.

Camille alikaa mbele na dereva Doudou, mahali ambapo Hénoc alikuwa akikaa kwa miaka mitano. Nilimsikia akicheka kupitia dirisha dogo.

Naitwa Joachim. Nilizaliwa Pweto, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja hadi mihogo ikomae. Nimevunja mawe Kambove, nimeuza saa mbovu Ndola, nimetengeneza redio Kalemie. Shule niliisoma vipande vipande: darasa la kwanza kwa mapadri, la tatu kwa Waprotestanti, la pili sikuliona. Likasi nilikuwa napita tu. Malaria ikaniangusha kwenye kituo cha mabasi, Hénoc akanibeba mgongoni hadi kwake, na mke wake Carine akaninywesha uji siku tisa. Tangu siku hiyo nalala kwenye chumba chao cha uani. Carine akipakua bukari, tonge la kwanza linakuja kwangu kabla ya mume wake. Watu wale ni wa Kasai kwa babu, mimi ni wa ziwani, hatuna damu moja hata tone. Nataka lijulikane hilo kabla sijaendelea.

Hénoc ndiye aliyeniingiza kwa Mama Albertine, mjane mwenye atelier, karakana ya kuezeka mapaa. Mume alimwachia ngazi tatu, lori na jina zuri. Mapaa ya siku hizi hayakai juu ya mbao, yanakaa juu ya vyuma, kwa sababu ya mchwa. Kwenye chuma msumari na nyundo havifanyi kitu. Unahitaji visi, skrubu ile yenye ncha inayotoboa yenyewe na mpira mdogo wa kuzuia maji, na visi inahitaji mashini. Na mashini ya waya ni ya mtu mwenye courant, yaani umeme. Likasi courant inakuja kama mgeni, na vijijini haiji kabisa. Kwa hiyo kila fundi sasa anatafuta mashini ya batri.

Shida ni kwamba batri ya rangi moja haiingii kwenye mashini ya rangi nyingine. Wenye viwanda wametaka hivyo. Ukianza na kijani, utanunua kijani hadi ufe. Mama Albertine alisema ni ndoa ya kanisa, ukikosea unabaki naye.

Majina halisi ya mashini hizo ni marefu, yameandikwa ubavuni, sisi tulisema tu Kijani na Nyekundu. Kijani ilikuwa ya Hénoc, aliileta yeye mwenyewe, na alimwambia Mama Albertine mbele ya watu wote kwamba ndiyo ya kununua. Nyekundu ilikuja na Camille kutoka Kambove. Camille alikuwa mtoto wa ndugu wa marehemu mume wa Mama Albertine, mwenye mikono mizuri na mdomo usiofunga. Alisema Kijani ni mashini ya kusukia nywele za mabinti. Hénoc akamjibu kwamba Nyekundu inafanana na mwenyewe, kelele asubuhi, usingizi saa sita. Walitaniana hivyo hadi utani ukaisha, na neno likabaki tupu katikati yao, halina kicheko ndani.

Mama Albertine akaita watu wote uani.

"Tutapima," alisema, kisha akanigeukia mimi, mzee wao. "Weye Vieux, hauna ndugu hapa, hauna kabila na muntu. Weye njo utapima. Na mwenye rangi yake itashindwa, atashuka ku paa. Muntu mwenye hajue kuchagua mashini hawezi kunichagulia bantu."

Alilisema mbele ya watu kumi na moja, wake za mafundi wakiwemo. Neno la namna hiyo halirudi mdomoni. Hénoc alikuwa chef, mkuu wa mafundi. Akishindwa, atashika bati chini kama siku aliyoanza kazi.

Nilipima majuma matatu. Nilikuwa na daftari la mistari na kalamu mbili, na niliandika kila kitu, hata saa. Kwanza kuanguka: kila mashini tuliiangusha kutoka juu ya ngazi, mara tano, kwenye simenti. Kijani ilipasuka shingoni mara ya tatu, tukaifunga na ukanda wa mpira wa baiskeli, ikaendelea kazi kama kawaida. Nyekundu ilipata mkwaruzo tu. Nikaandika: kuanguka, Nyekundu. Halafu vumbi: tulifanya kazi juma zima kwenye bohari karibu na machimbo ya chokaa. Siku ya nne kidole cha Nyekundu kilianza kunata, ukikibonyeza hakirudi, lazima uipulize kama unapuliza moto. Kijani haikujali. Nikaandika: vumbi, Kijani. Kwenye kazi ya kila siku zilikaribiana, batri moja visi mia na themanini na kitu, leo hii mbele, kesho ile.

Kwa hiyo ilibaki batri, na Mama Albertine akatangaza kipimo cha mwisho Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya wote. Batri moja iliyojaa kwa kila mashini, chuma kimoja, visi za aina moja, hadi mashini inyamaze. Mwenye nyingi ndiye.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya.

Nilikuwa na ufunguo wa kabati la mashini kwa sababu nilikuwa mpimaji. Jumamosi saa moja nilitoa batri ya Kijani, nikaipandisha juu ya bati la banda la kuku nyuma ya atelier, nikaianika juani. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua la kabla ya mvua, lile linalopasua midomo. Saa mbili na nusu nikaenda kuigeuza upande wa pili, kama mtu anavyogeuza samaki wa kapenta.

Kila mtu anayesoma hapa anajua kwa nini. Mawe ya redio yakichoka, unayapanga juani, na jioni redio inasema tena. Mama yangu alifanya hivyo, mimi nilifanya hivyo Kalemie kwa redio za watu, na mpira wa Jumapili tuliusikiliza hadi dakika ya mwisho kwa mawe yaliyoanikwa. Sikuwahi kuona nyumba isiyojua jambo hilo. Kwangu batri ilikuwa batri. Nilitaka kumwongezea Hénoc visi kumi au ishirini. Mpimaji ambaye hana ndugu alikuwa anaiba kwa ajili ya bukari ya Carine.

Saa nne nilizichomeka batri mwenyewe, watu wakasimama mduara, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Nyekundu ilipiga visi mia na themanini na nane. Kijani ilipiga sabini na moja ikanyamaza. Taa tatu ndogo chini ya mpini zikaanza kupepesa zote pamoja, haraka haraka. Hénoc alibonyeza tena, hakuna kitu. Tukaipeleka kwenye chaja, chaja nayo ikaikataa, taa nyekundu.

Camille alisema imekufa. Hénoc alichomoa batri, akaishika, akasema iko moto mno. Camille akamuuliza kama alitaka itoke baridi kama bia, na watu wakacheka, maana batri ya Nyekundu nayo ilikuwa na joto.

Hénoc hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Papa, asubui ile batri ilikuwa wapi?"

"Mu kabati," nilisema.

Basi, maneno mawili tu. Niliogopa kusema nilikuwa nimempendelea, kwa sababu mpimaji aliyependelea mara moja daftari lake lote ni la kuwashia mkaa. Na moyoni nilijiambia: kama hata na jua imeshindwa, basi Kijani ni dhaifu kweli, na bila jua ingekuwa aibu zaidi. Nililala na wazo hilo. Jumapili Hénoc aliirudisha ile batri kwenye chaja, ikajaa bila shida. Aliniambia, lakini hakumwambia mtu mwingine, kwa sababu neno la Mama Albertine lilikuwa la Jumamosi, halikuwa la Jumapili. Carine alinipakulia mimi kwanza, kama kawaida. Nilikula.

Ndivyo tulivyopanda lori Jumatatu.

Kazi ya Kapolowe ilikuwa maternité ndogo ya masista, nyumba ya kujifungulia upande wa reli, ambayo upepo wa mwaka jana ulikuwa umeichukulia nusu ya paa. Walikuwa wamefunika na turubai. Ndani mlikuwa na wanawake saba, wawili walikuwa wamejifungua asubuhi ileile. Masœur Suzanne, sista mkuu wa pale, alisema hana mahali pa kuwahamishia, akatuomba tu tusidondoshe vitu. Batri zingechajiwa kila jioni kwenye umeme wao wa jua, hiyo ilitosha.

Camille alipanga kazi kwa njia yake. Hénoc alikuwa na desturi ya kufunga kila bati hadi mwisho, visi zake zote, ndipo analeta lingine. Inaonekana polepole. Camille alitandaza mabati yote kwanza, kila moja visi mbili tu, moja huku na moja kule, ili jioni paa lionekane limejaa na Mama Albertine atumiwe picha. Kufunga kungefuata. Siku ya kwanza Hénoc alisema mara moja, kutoka chini, kwamba bati lenye visi mbili ni bendera. Camille akamwambia kazi yake ni kupitisha mabati, si kupitisha mawazo. Hénoc akapitisha bati.

Alikuwa amekuja na mfuko wake wa kazi, na ndani yake Kijani na batri mbili. Camille aliuona, akasema wazi kwamba juu ya paa hatataka rangi mbili, ni amri ya Mama. Hénoc aliuweka mfuko ndani ya korido ya maternité, kwenye simenti, nyuma ya mlango, na kila asubuhi aliufungua, akaangalia, akaufunga.

Siku ya tatu jua liliamka na hasira. Saa nane mchana mabati arobaini na mbili yalikuwa juu, yote kwa visi mbili mbili, na Camille na fundi mwenzake mmoja ndiyo kwanza wameanza kurudi kufunga. Ili asishuke kila mara, Camille alikuwa amepanga batri zote nane kwenye mgongo wa paa, safu moja, tangu asubuhi. Mimi nilikuwa kichwani mwa ngazi, napokea visi na kuhesabu. Daftari lilikuwa bado mfukoni.

Upande wa ziwa la Tshangalele mbingu ikawa rangi ya chuma. Kwanza tulifurahi kwa ajili ya kivuli. Halafu kuku wa masista wakaingia ndani bila kuitwa, na majani ya mihogo yakaanza kuonyesha upande wao mweupe.

Camille aliongeza mwendo. Mashini yake ikapiga visi sita, ikanyamaza. Akabadilisha batri. Visi nne, ikanyamaza. Mwenzake akamwita kutoka upande wa pili, yake nayo. Camille akachukua batri ya tatu, hiyo haikuzungusha hata moja. Akaipiga kwa kiganja kama mtu anayepiga redio. Ya nne. Ya tano. Bati la ukingoni lilianza kupumua, linapanda na kushuka, tak, tak, na chini yake mtoto mchanga akaanza kulia.

"Zote zimekufa," Camille alisema. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani usoni. "Vieux, njo hizi ulisema iko na nguvu?"

Nilitazama mashini mkononi mwake. Chini ya mpini taa tatu zilipepesa zote pamoja, haraka haraka.

Nilinyoosha mkono nikashika batri moja kwenye safu. Niliuondoa mkono kama mtu aliyeshika sufuria. Na hapo hapo, kichwani mwa ngazi, nikaliona banda la kuku, nikaiona saa mbili na nusu, nikajiona naigeuza batri upande wa pili ili ive vizuri. Kijani haikuwa imekufa. Ilikuwa imekataa kazi kwa sababu ya joto, kama mtu mwenye homa anavyokataa jembe, na mimi ndiye niliyeipa ile homa.

Nataka niseme ukweli wa nilichofikiri, maana ndicho kilicho kibaya. Nilifikiri: naweza kusema tu, "Zishusheni, ziwekeni kivulini, zitarudi." Ningekuwa fundi mwenye akili. Hakuna ambaye angeuliza nimejuaje. Nikafungua mdomo, nikayasema hayo, na Camille akasema kivuli kitachukua nusu saa na upepo uko hapa.

Ilikuwa kweli. Upepo ulikuwa umefika kwenye reli, tuliona vumbi lake limesimama kama ukuta.

Chini, Hénoc alikuwa ameshauleta mfuko. Kijani ilikuwa mkononi mwake, batri ya pili mfukoni mwa suruali. Aliweka mguu kwenye ngazi, mimi nikasogea pembeni juu ya bati, lakini Camille aliteremka akakaa kwenye kipandio cha juu cha ngazi, akaziba njia kwa magoti.

Alisema hataki. Alisema ile mashini ilikufa kwa visi sabini mbele ya watu wote, na mtu akianza kufunga ukingo akaachia katikati, bati litakunjika na kuondoka na mengine. Heri wote washike kamba, wafunge mabati kwa kamba juu kwa juu. Hakuwa mjinga. Kwa alichokijua, alikuwa na haki. Na alichokijua nilikuwa nimemwambia mimi.

Hénoc hakubishana naye. Alininyooshea macho mimi, kupitia kati ya miguu ya Camille.

"Papa Joachim. Minakuuliza mara ya pili. Asubui ile batri ilikuwa wapi?"

Bati la ukingoni lilipiga tak. Masœur Suzanne alikuwa ametoka mlangoni na mtoto amemfunga kifuani kwa shuka, anatutazama, hajui tunagombania nini.

"Juu ya manjanja ya banda ya kuku," nilisema. "Ku jua, tangu saa moja. Nilitaka kukuongezea nguvu. Haikukufa, Camille. Minye niliipika."

Nilifikiri Camille atanipiga. Alisema neno moja la Kambove ambalo siliandiki, akajivuta pembeni.

Hénoc alipanda. Aliponipita bega lake liligusa langu, hakuniangalia. Hakuanza katikati tulipokuwa tumefikia. Alikwenda moja kwa moja ukingoni, upande wa upepo, akalala tumbo juu ya bati lile linalopumua, na Kijani ikaanza kulia, ile sauti yake nyembamba, moja, mbili, tatu. Mimi nilihesabu. Sikuweza kutohesabu.

Camille na mimi tulizishusha batri zote nane za Nyekundu ndani ya shati lake, tukazipanga kwenye simenti ya korido, mahali ulipokuwa umekaa mfuko wa Hénoc. Mwanamke mmoja aliyekuwa kitandani alituuliza kama hizo ni dawa. Camille alichukua kipande cha katoni akaanza kuzipepea, mtu mzima amepiga magoti anapepea batri. Kisha akaniambia nipepee mimi, yeye akarudi juu.

Kwa hiyo upepo ulipofika nilikuwa chini, na mengine niliyasikia kabla ya kuyaona. Kishindo kimoja kikubwa, halafu kelele za bati linaloraruka, na mwanga ukaingia kwenye chumba cha nyuma ambako hakukuwa na mtu. Mabati mawili yalikuwa yameondoka. Nilitoka mbio nikaona la tatu limenyanyuka upande mmoja, na Camille amejitupa juu yake na mwili wote, mikono imeshika ncha, damu inateremka kwenye bati pamoja na matone ya kwanza. Hénoc alikuwa amepiga magoti juu yake, anafunga visi pembeni ya mbavu zake.

"Angalia, usinifunge na minye," Camille alisema.

"Kufunga weye itaomba visi kumi," Hénoc alisema. "Tulia."

Batri ya kwanza ya Kijani iliisha kwenye visi mia na sabini na tisa. Aliitupa chini, nikaidaka, nilikuta ina joto la kawaida, joto la mkono wa mtu. Alichomeka ya pili. Ilipofika katikati nilikwenda nikagusa batri za Nyekundu koridoni. Zilikuwa zimepoa. Niliipandisha moja, fundi mwenzake na Camille akaichomeka, taa zikatulia, ikazunguka. Kuanzia hapo zililia zote mbili, Kijani upande wa upepo na Nyekundu upande wa reli, mvua imeshatufunga, hatuonani, tunasikiana tu kwa mashini. Saa kumi na moja kasoro robo paa lilikuwa limeshika. Hakuna mtoto aliyelowa, isipokuwa yule wa Masœur Suzanne, na yeye alilowa kwa sababu sista alikataa kuingia ndani.

Tulikaa koridoni. Masœur alimfunga Camille kiganja kwa bandeji. Nilimwomba Doudou simu, nikampigia Mama Albertine mwenyewe, kabla mtu mwingine hajapiga. Nilimwambia yote kwa mpangilio: ufunguo, banda la kuku, kugeuza, uongo wa kabati.

"Vieux," alisema, "ulinianikia hukumu sawa vile kapenta."

Akasema nimpe Hénoc. Hénoc alichukua simu, akasikiliza, akasema ndiyo mama mara tatu, akairudisha kwa Doudou, si kwangu. Ndipo aliponisemesha, kwa mara ya mwisho. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Uliniuliza hata siku moja kama minataka nguvu ya wizi?"

Nilisema hapana. Akaenda kufunga mfuko wake.

Sikurudi Likasi na lori. Daftari langu la kupimia nilimpa Doudou ampelekee Mama Albertine, nami nikalala kwa watu wa reli, asubuhi nikapata gari la mkaa.

Yaliyofuata nilielezwa na Doudou, ambaye tunapigiana simu. Mama Albertine alirudia kipimo Jumamosi iliyofuata, kivulini, ufunguo uko shingoni mwake. Kijani visi mia na tisini na tatu, Nyekundu mia na themanini na tisa. Alibaki na Nyekundu, kwa sababu zilikuwa zimeshanunuliwa na hazipasuki zikianguka. Hénoc alirudishwa kuwa chef na anafanya kazi na Nyekundu, anaipuliza kidole kila jioni. Kijani iko nyumbani kwake, imefungwa mpira wa baiskeli shingoni, bado inazunguka. Camille alikaa hadi mwezi wa tatu akarudi Kambove, ana mafundi wake wanne. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki vizuri. Sasa anafunga kila bati hadi mwisho. Masœur Suzanne alihamishwa. Wale wanawake saba walikwenda kwao na watoto wao, mmoja alimwita wake Hénoc, hakuna aliyemwita Joachim. Mabati mawili yaliyoondoka yalipatikana kwenye shamba la mihogo, yamekunjika, mtu ameezekea choo. Kwenye atelier, mlangoni mwa kabati, wameandika kwa chaki: batri kivulini.

Carine alinitumia blanketi langu kwa Doudou, limefuliwa, limekunjwa mara nne. Hakutuma neno.

Mimi niko Fungurume, nauza kadi za simu pembeni ya barabara. Nina redio ndogo ya mawe mawili; yakichoka, siyaaniki.